Mfuko Uliopita Dirishani

Hapa naweza kusema: niliuona.
Mfuko wa kijani, wa duka la mikate la Mtaa wa Gdańska,
ulipita dirishani kwangu ukielekea chini,
saa nane kasorobo mchana, Alhamisi,
theluji ya Bydgoszcz imekwisha kuwa tope,
nami nakwangua ukoko wa sufuria.
Nikasema, Genowefa naye siku hizi
anatupa taka kwa dirisha.
Nikaendelea kukwangua.

Kumbe zilikuwa zloti elfu arobaini na mbili.
Makoti ya watu aliyoyashona miaka thelathini.
Kiinua mgongo cha marehemu Zenon, mpaka rangi wa mabehewa.
Pesa ya jiwe la kaburi, lao wawili,
ambalo fundi alikuwa tayari kulichonga
na kuacha nafasi ya tarehe moja.
Kibubu chake kilikuwa kopo la unga.
Akiba haiozi, kweli. Hurushwa.

Alinisimulia baada ya wiki tatu, amesimama ngazini,
hataki kuingia, hataki chai.
Simu ya mezani ililia. Mtu akilia kwikwi.
"Bibi, ni mimi."
Basi. Hayo tu: ni mimi.
Jina alilitoa yeye mwenyewe,
kama anayefungua mlango kabla ya hodi:
"Ksawery? Ni wewe, mjukuu wangu?"
"Ndiyo, Bibi. Ni Ksawery."

Kisha sauti ya pili, nzito, yenye makaratasi ndani yake.
Mwendesha mashtaka, eti.
Kijana amemgonga mama mjamzito. Dhamana leo, au rumande.
Usikate simu, mama. Usimwambie binti yako.
Usimwambie jirani.
(Jirani ni mimi. Nilikuwa chini ya miguu yake,
sakafu moja tu kati yetu, na sufuria yangu.)
Saa mbili na nusu alishika mkono ule wa simu
hata sikio likawaka moto,
akihesabu noti kwa sauti, naye yule akimsahihisha
kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza.
"Fungua dirisha. Unamwona kijana mwenye kofia?
Ni wa mahakama. Mrushie."

Akarusha.
Kijana akaudaka, akatazama juu, akampungia mkono.
"Nami nikampungia," aliniambia.
Fedha aliitaja mara moja tu.
Mkono ule aliutaja mara nne.

Polisi walimwuliza: na wewe mama, hukushtuka?
Binti yake Bogumiła alikuja kutoka Toruń,
akakaa na koti lake mwilini, akapiga hesabu kwa vidole.
Ngazini watu wakasema wajinga ndio waliwao,
wakasema kwa sauti ya kusikika ghorofa ya nne.
Hakuna aliyejiuliza mwizi angeshika wapi
kama Genowefa hangekuwa na mtu wa kumpenda.

Jumamosi Ksawery alipiga, Ksawery mwenyewe,
kutoka melini, kazini kwake, bandari ya Gdynia.
"Bibi, ni mimi."
Akamwuliza: mbwa wetu wa zamani aliitwa nani?
Akamwuliza: babu yako alikosa kidole gani?
Mtoto akajibu yote, kisha akanyamaza, kisha akalia,
na kilio kilikuwa kilekile.
Akachomoa waya wa simu.
Waya umezungushiwa soksi, umo kabatini.

Siku hizi mapazia yake hayafunguliwi.
Nasikia nyayo zake usiku: jikoni, dirishani, jikoni.
Mkate nampelekea mimi, nikiutoa kwanza mfukoni,
maana mifuko ya duka lile haijabadilika rangi.

Jana aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye mkate:
"Alhamisi ile, ulikuwepo jikoni?
Hukuona kitu kikipita?"
Nikasema nilikuwa sokoni.

Akaniamini.